Si Lazima Uje
Nilipoanza kufundisha hapa Turiani, nilibandika tangazo la Kiingereza kuhusu masomo ya ziada ya Jumamosi: wanafunzi "must not come". Nilikusudia kusema si lazima waje. (Na chuoni sarufi nilikuwa nimeifaulu!) Binti mmoja aliyeteremka kila siku kutoka milima ya Nguru, aliyeyahitaji masomo hayo kuliko wenzake wote, hakuja. Jumatatu aliniuliza amekosa nini.

"Si lazima uje" hukanusha ulazima. "Lazima usije" hukanusha kuja. "Must not" ina sura ya ile ya kwanza, lakini maana yake ni ya pili. Nilipaswa kuandika "need not". Nilimwomba radhi kwa Kiswahili.