Gesti ya Kilwa

Jumatano, 4 Juni 2025. Mlola

Mama kakubali twende Kilwa! Nilimwambia wakati anamenya viazi, nikijua ataanza na goti lake. Akamenya hadi kile cha mwisho, akafuta kisu, akasema: "Kama huko kuna joto, goti lenyewe litashukuru."

Nimefungua bahasha usiku huu. Nauli imo. Ya kuvuka imo. Ya kibali na mwongozaji imo. Inayobaki ndiyo ya kulala, na ndiyo inayoninyima usingizi. Peke yangu ningejitupa popote penye kitanda na komeo. Na Mama, hapana.

Ijumaa, 6 Juni

Tumefunga shule. Baridi kali, ukungu mpaka saa sita. Mwalimu wa Jiografia, mtu wa Kivinje, nimemkamata kabla gari halijaondoka. Miaka yote aliyokaa huku bado anavaa koti hata jua likiwaka.

"Madam, usiulize gesti nzuri iko wapi. Uliza gati iko wapi, halafu ndiyo utafute gesti."

Akanichorea kwenye daftari hilihili. Rasi ya Kilwa Masoko. Mkondo. Kisiwa chenyewe cha magofu ng'ambo, kilomita mbili hivi. Kivinje kule juu, karibu kilomita thelathini. Kwao anakupenda, lakini kasema mwenyewe: ukilala Kivinje, alfajiri yako itaishia barabarani. Mwezi utakuwa unakaribia kuandama, kwa hiyo maji ya bamvua. Yanatoka asubuhi, yanarudi mchana. Na huu ni wakati wa kusi, upepo unaamka jua likipanda. Mwenye kuvuka avuke saa kumi na mbili, saa moja. Akichelewa atashukia kwenye tope, na Mama hawezi tope.

Sasa nina kipimo. Nilikuwa naulizia feni na mashuka. Kumbe swali la kwanza ni hili: kutoka kitandani hadi gatini, Mama atatembea au atahitaji bajaji?

Jumapili, 8 Juni

Idd ilipita salama. Wageni wengi, nyama tele, Mama alicheka sana.

Leo nimepanda kule juu kwenye mtandao mzuri, nikapigia simu gesti tatu. Nayaandika nisije nikayachanganya.

Ya stendi. Elfu kumi na tano. Choo cha nje, cha wote. Kijana aliyepokea alikuwa anapiga kelele kuushinda muziki uliokuwa nyuma yake. Nilimuuliza muziki unazimwa saa ngapi. "Inategemea na wateja, dada."

Ya sokoni. Elfu ishirini na tano. Choo ndani, feni, neti, kitanda tano kwa sita. Chai ya asubuhi imo. Aliyepokea ni mama mtu mzima. Kabla sijamaliza maswali akaanza yeye: mnakuja wangapi, kutoka wapi? Nikamtajia Mlola, Lushoto, na kwamba mama yangu goti linamsumbua. "Basi nitawawekea chumba cha chini, karibu na uani. Ngazi zangu zimesimama mno kwa mtu mzima."

Ya ufukweni. Elfu themanini. Kiyoyozi, bahari mlangoni, boti yao wenyewe. Sauti nzuri, adabu, kila kitu kipo. Picha nimeziangalia mpaka betri imeisha.

Tofauti ya usiku mmoja kati ya ya sokoni na ya ufukweni ni elfu hamsini na tano. Kwa pesa hiyo naongeza usiku mwingine pale sokoni na bado inabaki ya bajaji. Nimepiga hesabu, nikarudia. Jibu ni lilelile, lakini moyo unarudi kwenye picha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwonyesha Mama zile picha. "Tutakuwa chumbani saa ngapi, mwanangu, na wewe unasema tunatoka alfajiri?"

Kisha akanipa masharti yake. Pawe na mahali safi pa kuswalia. Pasiwe na pombe chini ya dirisha. Choo kisiwe cha kutokea nje usiku. Basi. Hakutaja bahari wala kiyoyozi. Ya stendi imeanguka palepale, kwa masharti mawili kati ya matatu.

Mdogo wangu naye katuma video kutoka Dar: Angkor Wat, kule Kambodia. Hekalu la karne ya 12, la mfalme Suryavarman wa Pili. Watu wanalala Siem Reap, mji wa jirani, wenye pesa kwenye mahoteli, wasio nazo kwenye vyumba vya kuchangia, na wote wanaamka giza halijatoka ili jua liwakute mbele ya hekalu. Maelfu ya watu. Nimeitazama mara mbili. Karne hiyohiyo Kilwa ilikuwa na msikiti wake wa mawe, na meli zikitia nanga. Nimejisikia wivu, wivu wa kweli. Kwa nini mtoto wa Usambara asitamani kuamka usiku kwa ajili ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani wa Kilwa? Tunaifundisha Kilwa kama mtihani, tunaifuta ubaoni, kesho tunaingia Mapinduzi ya Viwanda. Hakuna aliyewahi kutuambia: nendeni mkalale kule.

Jumatano, 18 Juni

Mvua nyepesi. Nimemsomea Mama habari za msafiri Ibn Battuta, kwa kumweleza kwa maneno yangu. Alifika Kilwa mwaka 1331. Sultani alikuwa Hassan bin Suleiman, waliyemwita Abu'l-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha, akampa. Watu wakamsifu mno. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaagiza aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mama alikuwa anatabasamu mpaka nilipofika kwenye watumwa. Akaacha. "Na wao walipewa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Swali hili nitaliingiza darasani. Miaka yote nimefundisha ukarimu wa Sultani, na ukarimu ule ulitoka kwenye migongo ya watu.

Usiku nimeamua: ya sokoni. Situmi pesa ya kutanguliza. Mama mwenye gesti mwenyewe kakataa: "Njoo ukione chumba kwanza, mwalimu. Kisipokupendeza, utatafuta kwingine na hatutagombana."

Jumamosi, 21 Juni. Mbagala

Nimechoka. Mgongo. Tuliondoka Mlola gizani, Magamba hatuoni hata mti wa pembeni, Lushoto tukanywa chai, Soni, kona za kushuka Mombo na Mama kafumba macho anasoma dua. Joto likaanza Mombo, akavua sweta. Segera akavua na kitenge cha mabegani. Dar akasema: "Goti limenyamaza."

Shemeji ananitisha na barabara ya kusini. Mwaka jana mwezi wa tano kimbunga Hidaya kiliikata pale Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Lakini sasa ni kiangazi, magari yanapita. Tiketi nimekata Rangi Tatu, gari la saa kumi na mbili, Jumatatu. Viti vya mbele, upande usio na jua.

Kwa nini nina hofu? Na kama chumba ni kibaya? Nimeshamwambia Mama kizuri.

Jumatatu, 23 Juni. Kilwa Masoko

Tumefika! Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa na Rufiji imetulia chini yake, Somanga, Nangurukuru, kushoto, na minazi ikaanza.

Chumba. Nilikikagua huku Mama amekaa uani anakunywa maji ya dafu. Nilifunua shuka hadi kwenye godoro. Safi. Neti niliinyoosha mbele ya dirisha nikaitafuta matundu: tundu moja, limeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo iliyobanana, ya mtu aliyekaa chini akashona kwa utulivu. Bomba lilikohoa, likatoa maji ya kahawia, kisha meupe. Pembeni ndoo imejazwa, na kata yake, kwa saa ambazo maji hayatoki. Kitasa kinafunga mara mbili. Mkeka wa kuswalia umekunjwa juu ya kabati, na kibla kimechorwa mshale mdogo wa chaki ukutani.

Mshale ule ndio ulionimaliza. Nikaenda kulipa.

Kwenye daftari la wageni nikaandika: jina, kabila, utokako, uendako. Kabila, Msambaa. Utokako, Mlola. Uendako... Mama mwenye gesti akacheka, "Andika Kisiwani." Nimeandika Kisiwani.

Vibali tumekata. Gatini tumetembea, polepole, Mama hajaomba bajaji. Nahodha ni mpwa wa mama mwenye gesti. Bei wamepanga wao wawili mbele yangu, nikasikia shilingi inashuka bila mimi kufungua mdomo: "Huyu ni mwalimu, kaja na mzazi wake."

Kisiwa kinaonekana kutoka gatini! Kipo pale!

Jumanne, 24 Juni

Naandika mchana, miguu bado ina chumvi.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa majini. Bahari imelala. Kitu cha kwanza kukuona ni Gereza, ukuta wake umeegemea maji. Wareno walijenga ngome hapa walipoiteka Kilwa mwaka 1505, na hili linalosimama sehemu kubwa ni la Waarabu wa Oman. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Nahodha akashuka, maji ya magoti, akamwambia Mama, "Bi mkubwa, nishike mabega." Mama akashuka mwenyewe kwa hatua tatu, sketi mkononi. Tungechelewa saa moja, ingekuwa tope.

Msikiti Mkuu. Sikujua kwamba ningelia. Nguzo, matao, kuba baada ya kuba, mawe ya matumbawe na chokaa. Upande wa kaskazini ndio wa kale, wa karne ya 11 au 12. Huu mpana wenye kuba uliongezwa karne ya 14. Niliwaambia wanafunzi "ulipanuliwa". Neno moja. Hapa upanuzi wenyewe unautembea, hatua baada ya hatua, na bado haujaisha. Mama alisimama chini ya kuba moja, akatazama juu, akasoma Fatiha kwa sauti ya kawaida, na sauti ikamrudia.

Mwongozaji kaeleza jinsi bahari inavyokula ufuko, na mikoko wanayopanda kuuzuia. UNESCO iliiweka Kilwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya hatari, ikatolewa 2014. Alizungumza kuhusu kuta kama mtu anayezungumzia wagonjwa wake: huu umepona, ule bado.

Husuni Kubwa nimekwenda bila Mama. Kabaki kwenye kivuli na bibi mmoja wa kisiwani, wamekuta wana ugonjwa mmoja wa goti na dawa mbili tofauti. Jumba la Sultani yuleyule wa kutoa nguo, juu ya mwamba, bahari chini. Vyumba zaidi ya mia. Nyua za wafanyabiashara. Bwawa la pembe nane. Nimekaa ukingoni mwa bwawa hilo, nimegusa pembe moja moja kwa kiganja. Wageni waliofika na kusi na kaskazi walipokewa hapa, na walingoja pepo zigeuke. Hawakuja kwa nusu siku. Kilwa ilijengwa kwa ajili ya watu wanaokaa.

Wenye boti za safari walifika saa tano na wageni wao, wakapiga picha, wakaondoka na saa ya kurudi mkononi. Nimewaonea huruma.

Jumatano, 25 Juni

Nimeongeza usiku mwingine. Zile elfu hamsini na tano zinanilipia. Mama kataka arudi kwa rafiki yake wa ng'ambo, kamnunulia tangawizi sokoni. Mimi narudi Husuni Kubwa, nataka kuiona jua likiwa la jioni. Nahodha kasema maji yatakuwa yamejaa, tutashukia karibu.

Baada ya chai nimemuuliza mama mwenye gesti: na nikija na wanafunzi thelathini?

Hakushtuka. Akahesabu vyumba kwa vidole, midomo inatembea. "Wasichana wote kwangu. Wavulana kwa jirani yangu hapo, ni mtu mwenye heshima. Chakula tutapika uani, wali na samaki, hatutawatoza cha hotelini. Ila uniambie mwezi mzima kabla, na usinijie masika." Bei ya kichwa kimoja kanipa palepale, na sharti kwamba walale angalau siku mbili. Sharti hilo ningeliweka mimi.

Nimeiandika ukurasa wa nyuma: kulala, chakula, boti, kibali cha wanafunzi. Nauli ya basi kutoka Mlola ndiyo nzito, ndiyo ya kupigania. Shule inafunguliwa tarehe 8 Julai. Siku hiyohiyo, kabla ya vipindi, naingia kwa mkuu na hesabu hii mkononi.