Pikipiki ya chama na mgongo wa mama



Wengi mmeuliza pesa za sanduku jekundu zimekwenda wapi. Tumeona juma hili tuwaeleze bila kuficha, hata pale ambapo kosa lilikuwa letu sisi wa kamati.

Mnakumbuka pikipiki yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ili ibebe mama mwenye mimba au mtoto mgonjwa mpaka kituo cha afya. Siku ambazo hakuna mgonjwa, inabeba mawese na ndagala mpaka sokoni, na hivyo inajilipia esanse yake. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini bido mbili za mawese zikawa tatu, tatu zikawa nne, na sisi tulipohesabu faida tulinyamaza.

Kisha mwaka 2024 ziwa Tanganyika likapanda, maji yakaingia katika nyumba za pwani. Tuliokoa magodoro, unga na vitabu vya watoto, pikipiki tukaiacha imesimama ndani ya maji siku kadhaa. Maji yalipotoka tuliiosha, ikawaka, tukashangilia. Hakuna aliyeinama kuangalia chini.

Mwezi wa pili mwaka huu, mama mmoja wa chama, mimba ya miezi minane, alipandishwa kwenda kupimwa. Nusu ya njia akamwomba shoferi asimame, akashuka, akamaliza safari kwa miguu juani. Alipokuja kwenye mkutano alisema maneno machache tu: "Wamama, pikipiki yenu inanipiga. Kila shimo naogopa mtoto." Tulitazama chini. Tunashukuru Mungu alijifungua salama, lakini maneno yale hayakututoka.

Tulikimbilia fundi wa kwanza. Yeye alikata vipande vya tairi la zamani, akavisukumia katikati ya mizunguko ya resori za nyuma. Kweli, haikugonga tena chini. Lakini resori isiyoweza kubonyea si resori tena, ni gogo. Mama aliyepanda baadaye alirudi akijishika kiuno. Wengine wakasema tuiuze. Tukapiga hesabu: bei tungepata isingefika hata nusu ya pikipiki mpya. Tukaamua kuifungua.

Sisi walimu wawili wa kamati, kule ISP tulifundishwa kufundisha hesabu na Kifaransa, si kufungua bulo. Tena tangu utoto tuliambiwa mambo ya pikipiki ni ya wanaume. Fundi wa pili, mzee mpole, hakutucheka. Alituambia: "Mabinti zangu, kaeni hapa mwone, ili kesho asije mtu kuwadanganya." Tukakaa jioni tatu.

Alianza kwa kutueleza kazi yake. Resori inabeba uzito. Mafuta yaliyo ndani ya mguu wa mbele na ndani ya amotisa za nyuma yanaituliza resori, isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Resori ikichoka, chuma kinagonga chuma. Mafuta yakitoka, pikipiki inaruka kama mbuzi. Yetu ilikuwa na magonjwa yote mawili.

Aliweka kreti chini ya injini, akatoa gurudumu la mbele, akavuta miguu miwili. Tulipomimina mafuta yake ndani ya sahani, yalitoka meusi, na maji na mchanga wa ziwa ndani yake. Mipira midogo inayozuia mafuta yasitoke ilikuwa imekatwakatwa, kwa sababu kutu ilikuwa imefanya meno kwenye chuma, na kila kilipopanda na kushuka kiliitafuna mipira hiyo. Bahati yetu, kutu haikuwa imechimba sana. Tulisugua kwa msasa laini wenye mafuta kidogo mpaka kidole kilipita bila kukwama. Kama ingechimba zaidi, chuma chenyewe kingebadilishwa.

Bulo za nyuma zilikataa. Alizimwagia mazutu, akasema twende tukapike. Asubuhi yake, baada ya kugonga pole pole, zilikubali. Amotisa za nyuma hazikuwa za kuponywa: zimefungwa kiwandani, na mafuta yake yalikwisha kumwagika. Tuliagiza mbili mpya Baraka, zikaja kwa mtumbwi wa mashine, zikazunguka Ubwari. Alitukataza kununua moja. Upande mmoja mgumu na mwingine laini, pikipiki itakwenda mshazari.

Mafuta mapya ya mbele yanapaswa kuwa sawa miguu yote miwili. Chombo cha kupimia hatukuwa nacho. Mmoja wetu akaleta chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya mililita. Fundi alicheka mpaka machozi, kisha akasema miaka yote alikuwa akikadiria kwa jicho. Chupa hiyo sasa ni yake.

Hesabu ni hii: amotisa mbili dola 24, mipira na mafuta dola 8, kazi ya fundi dola 10. Jumla dola 42. Karatasi zote ziko kwa mtunza sanduku, atakaye kuona aende akaone.

Na kanuni mpya ni hizi. Bido ni mbili tu. Atakayepakia ya tatu aishushe mwenyewe. Kila Jumamosi wawili wetu kwa zamu wafute miguu ya mbele kwa kitambaa, na wakiona mafuta yamelowanisha chuma, waseme siku hiyo hiyo. Maji ya ziwa yakikaribia, pikipiki inatoka pamoja na magodoro.

Juma lililopita yule mama aliyetembea kwa miguu alipanda tena, safari hii akiwa na mtoto mgongoni, kwenda kupima kilo. Tulimngoja barabarani kama wanafunzi wanaongoja pointi zao. Alishuka, akamfunua mtoto, tukaona bado amelala.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini kiti chenu bado ni kigumu."

Kwa hiyo, wamama, anayejua kushona na ana sponji iliyobaki, atuone Jumapili.