Miwani ya Babu, Jicho la Bibi

Wazee wa Ijuganyondo waliopasuliwa mtoto wa jicho miaka ya themanini uliwatambua kwa miwani yao. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Zama zile daktari aliitoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, akaacha nafasi yake tupu, na mgonjwa akarudi nyumbani na miwani ya kioo ya dayopta 10 hivi, iliyotuna katikati. Ilikuwa mizito, ikamchimba pua mpaka pakabaki alama. Nyuma yake macho ya Babu yalionekana makubwa mno, na sisi wajukuu wadogo tuliyaogopa.

Kuona aliona, lakini kila kitu kilikuwa kimekuzwa kwa karibu robo. Alinyoosha mkono kupokea kikombe cha kahawa akakikosa, kwa sababu kilionekana karibu kuliko kilivyokuwa. Kuzunguka ukingo wa miwani palikuwa na mahali asipoona kabisa. Mtu akitokea upande, Babu hakumwona mpaka amemfikia. Kibanjani alitembea akishikilia migomba. Naamini ndiyo maana aliacha kutembelea majirani jioni, ingawa hakuwahi kulalamika. Bado inaniuma.

Bibi alipopatwa na ugonjwa uleule mwishoni mwa miaka ya tisini, alikataa katakata kupasuliwa. Alikuwa ameyaona ya mumewe. Mama ndiye aliyembembeleza: “Waitu, mama, siku hizi wanaiweka lenzi humohumo ndani ya jicho.” Akakubali kwenda Bukoba mjini. Bandeji ilipofunguliwa kesho yake, alinitazama kwa muda, akaniuliza, “Mbona umekonda hivi?”

Alichowekewa ni kipande cha plastiki angavu iitwayo akriliki, jamii moja na ile ya taa za nyuma za magari. Upana wake ni milimita 6 hivi, na kina vikono viwili vyembamba vya kukishikilia mahali pake. Kwa kuwa kinakaa pale palipokuwa na lenzi ya asili, hakikuzi vitu wala hakifichi pembeni.

Nilipokuja kusoma chanzo chake nilistaajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliona marubani ambao vipande vya akriliki vya vifuniko vya ndege zao vilikuwa vimewaingia machoni, na macho hayakuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, akampasua mgonjwa ili amwekee lenzi ya plastiki hiyo. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu lenzi hizo zilikuwa ghali mno kwa watu wa kwetu. Bei ilishuka zilipoanza kutengenezwa Madurai, India, mwaka 1992, na Asmara, Eritrea, mwaka 1994. Nawashukuru watu wa viwanda vile kama ninavyomshukuru Ridley.

Lenzi hiyo haibadilishi umbo kama ya kijana, kwa hiyo kwa vitu vya karibu Bibi alihitaji miwani ya kusomea. Nayo ilikuwa ya plastiki, nyepesi kiasi cha nusu ya uzito wa kioo. Msimu wa senene uliofuata aliivaa, akaketi nasi tukinyonyoa, na kila aliyeacha bawa au mguu alikemewa papo hapo.