Ujana ni Moshi, Utu Uzima Je?

Wahenga walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Aghalabu kauli hiyo huchukuliwa kuwa amri: aliyefika makamo na ateremke kwenye pikipiki ya mashindano, awaachie vijana. Joey Dunlop, mwendeshaji kutoka Ireland ya Kaskazini, hakuteremka.

Dunlop alizaliwa mwaka wa 1952. Mnamo Juni 2000, akiwa na umri wa miaka 48, alishinda mashindano matatu katika wiki moja kwenye kisiwa cha Man, akatimiza ushindi wa 26 kisiwani humo. Mzunguko mmoja wa barabara hiyo ni takriban kilomita 60 za vijiji na mlima, wenye kona zaidi ya 200 na kuta za mawe zisizomsamehe anayekosea. Barabara kama hiyo haishindwi kwa nguvu za mwili tu. Yataka kukumbukwa kona kwa kona, na Dunlop alikuwa akiikariri tangu mwaka wa 1976.

Hata mwezi haukutimia. Tarehe 2 Julai 2000, mjini Tallinn, Estonia, akiongoza mashindano ya pikipiki za cc 125, aliteleza kwenye barabara iliyolowa, akagonga miti, akafariki papo hapo.

Je, alikosea kutoteremka? Barabara yenye maji haiulizi umri. Vijana pia huwaangusha. Utu uzima ulimpa ujuzi, haukumpa kinga, na anayepanda pikipiki baada ya makamo hana budi kuyakubali yote mawili. Wahenga walisema kweli kuhusu moshi. Kuhusu makaa yanayobaki, methali hiyo haikutamka neno.