Kravati Katika Kijiji cha Wavuvi

Mtu atokaye Goma kwenda Vitshumbi aliacha ziwa moja nyuma yake ili akutane na jingine. Barabara yapanda kwanza kupita Kibumba na Rugari, mlima Nyiragongo ukiwa mkono wa kushoto na mlima Mikeno mkono wa kuume, kisha yashuka mpaka Rutshuru na Kiwanja. Baridi ya Goma, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, yasahauliwa huko njiani. Baada ya Mabenga mashamba yaiachia nyika nafasi yake, maana msafiri ameingia katika Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la mfalme wao Albert. Uwanda wa Rwindi ni nyasi na jua tupu. Uwanda huo uishapo, pwani ya kusini ya Ziwa Edward, ndipo palipo na Vitshumbi.

Kijiji hiki hakifanani na vijiji vingine vya Kivu. Marabu, wale ndege warefu wenye vipara, hutembea pwani kati ya mitumbwi kama wazee waliokuja kudai deni. Usiku viboko hutoka majini kula majani karibu na nyumba, na tembo nao hupita watakapo. Lakini jambo lililotushangaza kuliko wanyama ni hili: Vitshumbi haina mashamba. Kwa kuwa kijiji kimo ndani ya hifadhi, sheria yakataza kulima. Muhogo, maharagwe, makaa, sabuni, dawa, vyote vyatoka nje, na vyote hulipwa kwa samaki, wabichi au wa chumvi. Mama wa Masisi au Lubero akosapo fedha aweza kuuza debe la viazi. Mama wa Vitshumbi hana debe la viazi. Ana karai la samaki tu, na siku nyingine karai hilo ni tupu.

Na ziwa lenyewe si lile la zamani. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hii walihesabiwa kuwa zaidi ya 25,000, na samavi yao iliyotiririka majini ililisha vijidudu na mimea ambayo samaki huila. Vita na ujangili vikawamaliza. Kufika mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Wavuvi, kwa upande wao, waliongezeka, na nyavu za matundu madogo zikavua samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Tunaeleza haya mapema ili msomaji ajue shati la mwanafunzi wa Vitshumbi hutoka wapi. Hutoka majini.

Basi, tulipokuwa kijijini hapo, kabla ya vita vya miaka hii ya karibuni kufika, tulikuta wazazi na walimu wa shule moja ya sekondari wakibishana juu ya jambo ambalo mgeni angeweza kulicheka. Katika shule zetu za Kongo sare yajulikana tangu Kinshasa hadi Goma: shati au blauzi nyeupe, na suruali au sketi ya buluu. Mwalimu mmoja alitaka wasichana waongezewe kravati. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita tai, lakini neno hilo halifai sana Vitshumbi, ambako tai ni ndege, na msichana mwenye tai shingoni angekuwa na shida kubwa kuliko ile tunayoizungumza.

Hoja za mwalimu hazikuwa za kipuuzi. Alisema ya kwamba msichana akivaa kama mtu wa ofisi, wavuvi vijana watamwona kuwa mtu wa ofisi, wala hawatamwita pwani kwa samaki wawili watatu. Tena akanyosha mkono kuelekea upande wa pili wa maji. “Huko Katwe na Rwenshama,” alisema, “ziwa ni hili hili na samaki ni hawa hawa, lakini binti wa sekondari hutoka nyumbani amefunga kravati kama wakili. Binti zetu wamepungukiwa nini?”

Ni kweli ya kwamba ziwa hili limegawanya desturi mbili. Sehemu yake kubwa ni ya Kongo, na iliyobaki ni ya Uganda. Upande wa mashariki waliotawala ni Waingereza, nao walijenga shule zao za Afrika kwa kuiga shule zao za nyumbani, pamoja na koti, nembo na kravati yenye rangi za shule. Huko kwao wasichana walianza kufunga kravati mwishoni mwa karne ya 19, shule za wasichana zilipotaka kuonyesha kwamba masomo yao si ya kushona na kupiga kinanda tu. Ndiyo maana hata leo wasichana wa shule nyingi za sekondari nchini Kenya na Uganda huvaa kravati, hata katika joto la Mombasa, pasipo mtu kuuliza sababu. Na Waingereza nao waliipata kwa wengine: ni kitambaa ambacho askari wa Kroatia walijifunga shingoni walipopigana upande wa Wafaransa katika karne ya 17, na jina lenyewe la kravati ni jina la Wakroatia lililogeuzwa kidogo.

Upande wetu mambo yalikuwa mengine. Wabelgiji hawakuharakisha kumpeleka msichana sekondari. Masomo ya sekondari ya jumla hayakufunguliwa kwake kabla ya mwaka 1948. Kwa muda mrefu alifundishwa kupika, kufuma na kulea. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, hapakuwa bado na msichana Mkongo aliyemaliza sekondari. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961, akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali yetu. Mtu akiuliza kwa nini desturi ya kravati ya wasichana haikuota mizizi huku, jibu moja ni hili: hapakuwa na shingo za kuivaa.

Halafu ikaja zamu ya Mobutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipotaka kila mtu arudi katika mambo ya asili, kravati ilikatazwa kabisa. Wanaume walivaa abakosti, koti lisilo na kravati. Wanawake waliamriwa vitenge, na suruali zikawa marufuku kwao. Majina ya ubatizo nayo yalipigwa marufuku mwaka 1972, na Kardinali Malula, aliyepinga, alifukuzwa nchini kwa miezi kadhaa. Hata ziwa hili halikusalimika, maana mwaka 1973 lilipewa jina la Idi Amin. Ilikuwa tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba hiyo hiyo aliwaruhusu wananchi kuvaa kravati tena, akisema yeye mwenyewe atabaki na abakosti yake. Mzee mmoja katika mkutano ule aliikumbuka siku hiyo. Alisema baba yake alikuwa amezika kravati yake sandukuni miaka karibu ishirini. Alipoitoa, mende walikuwa wameila nusu, naye akaivaa hivyo hivyo kwenda Misa.

Kwa hiyo mzee huyu hakuichukia kravati. Alichokataa ni kumvika msichana. “Mwalimu, hilo ni vazi la mwanamume,” alisema, na wazee wengine wakaitika. Sisi hatukuona uzito wa neno hilo. Kitambaa kilichokuwa cha askari kikawa cha karani, na cha karani kikawa cha mwanafunzi. Hakuna sababu kiishie kwa mwana wa kiume. Shati lenye kola lilikuwa la wanaume pia, na binti zetu wote walivaa. Wala hatukuona kuwa kravati yamfanya msichana aheshimiwe. Kijana asiye na adabu haangalii shingo. Mvuvi mwenye fedha ya jana mkononi na binti mwenye njaa ya leo watakutana pwani, kravati iwepo au isiwepo, na mwalimu mwenyewe alilijua hilo, kwa maana alipoulizwa ni wasichana wangapi wameacha darasa kwa sababu ya mimba, aliinamisha macho kwanza kabla ya kujibu.

Aliyetufungua masikio ni mama mmoja muuza samaki, aliyekuja na karai lake kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Hakusema lolote juu ya wanaume wala wanawake. Alihesabu kwa vidole: blauzi mbili, kwa maana moja haikauki upesi siku za mvua, sketi, viatu, daftari, na ada ya shule. Akasimama kwenye kidole cha sita. “Mwalimu, mimi nina wasichana watatu na mvulana mmoja. Mvulana hamtaki avae. Mwaka ukiwa mbaya, mnafikiri nitamtoa nani?”

Swali hilo halikujibiwa, nasi tumeendelea kulifikiri. Vazi wanalolipa wasichana peke yao ni kodi ya kuwa msichana, hata likiwa dogo. Tena jambo hili si la kukisia. Wataalamu Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walilichunguza magharibi ya Kenya, katika shule za msingi 328, kuanzia mwaka 2003. Katika baadhi ya shule hizo watoto wa darasa la sita walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, katika shule ambazo hazikupewa kitu, wasichana kama 19 katika kila 100 walikuwa wameacha masomo. Katika zile zilizopewa sare, kama 16. Walioanza kuzaa walipungua pia, kutoka 16 hivi hadi 13 katika kila 100. Hakuna aliyewahubiria kitu, wala kuwaongezea mwalimu. Walipewa nguo tu. Ikiwa nguo iliyotolewa yamweka binti darasani, basi nguo iliyoongezwa juu ya mzigo wa mama yake yaweza kumtoa.

Mnamo Septemba 2019 serikali yetu ilianza kutimiza ahadi ya Katiba ya mwaka 2006, ya kwamba shule ya msingi ya serikali iwe bure. Habari hiyo ilileta furaha, lakini sare haikuwemo katika neno “bure”, na huko sekondari mzazi ndiye aliyebaki kuchukua mzigo. Yajulikana pia mtoto asiye na sare kamili hufanywa nini asubuhi mlangoni: hurudishwa. Kila kitu kipya kinachoongezwa katika sare ni sababu mpya ya kurudishwa.

Mwezi wa Machi 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Rwindi na Vitshumbi. Watu walikimbia kwa mitumbwi na kwa miguu. Mtoto akimbiaye usiku hachagui blauzi. Hubeba mdogo wake.

Shauri letu, ambalo tuliwaambia wazazi wa shule ile nasi hatujalibadili, ni kwamba sare nyeupe na buluu yatosha, na kravati isiwe sharti kwa msichana yeyote, wala asifukuzwe mtu kwa kuikosa. Mwalimu akipenda iwepo siku ya mtihani wa taifa au ya kupokea wageni, basi shule inunue yenyewe, iwe kwa wasichana na wavulana sawasawa, na jioni irudishwe kabatini. Tulimwuliza fundi cherehani wa sokoni kama jambo hilo lawezekana. Alituonyesha vipande vya kitambaa cha buluu vinavyobaki akiisha kukata sketi, vingine virefu kama mkono. Alisema huwa anavitupa, au huwapa wavuvi wafungie nyavu.