Kitabu cha karatasi nane

Tangu tuanze kushea maandiko yetu hapa, wengi mnauliza: kitabu kitatoka lini? Halafu mnajijibu wenyewe: mpaka mfadhili apatikane. Hapo kwa mfadhili mimi nakataa.

Nimepiga hesabu. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa nne. Basi karatasi nane ni kitabu cha kurasa 32, unakibana pini mbili kwenye mkunjo, kinaingia mfukoni. Ramu moja ya karatasi 500 inatoa vitabu 62, bila kuhesabu jalada. Kwenye fotokopi wanahesabu kila upande, kwa hiyo unalipia pande 16 tu. Kinachosumbua ni mpangilio: ukurasa wa 1 unakaa jirani na wa 32, wa 2 na wa 31. Msiumize kichwa. Adobe Reader, ile ya bure, inapanga yenyewe ukichagua «Livret» wakati wa kuprinti. Hata kijana wa sekretariati hapa Cibitoke hakuwa anaijua, tuliitafuta pamoja. Toa kwanza moja, isome na kalamu mkononi, ndipo utoe zingine. ISBN si lazima kwa kitabu cha kugawa mkono kwa mkono.

Na mtu asiseme hicho si kitabu. Mwaka 1965 kule Elisabethville, leo Lubumbashi, André Yav na wenzake, watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha kwao. Wakapiga taipu, wakatoa nakala kwa stensili. Mwaka 1990 Johannes Fabian akaichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mpaka leo wasomi wanaitumia.

Kambini kuna mama mmoja aliyetusimulia njia yake yote ya kukimbia. Andiko lile limesomwa na watu wasiomjua. Yeye hana simu, hajaliona hata siku moja. Tena wenzetu wawili wameshapanda ndege kwenda kuishi mbali, na simu zao za zamani, zenye maandiko ndani, hatujui ziko wapi.

Jambo moja tu: majina ya watu na ya vijiji tuyabadilishe kabla ya kuprinti. Posti unaweza kuifuta, karatasi hapana.

Tuanze na nakala 20, ni karatasi 160. Mwenye andiko anitumie kabla ya Jumapili. Ya kwanza ni ya yule mama. Hajui kusoma, lakini mjukuu wake yuko darasa la sita.