Pumzi ya Mjomba

Mjomba wangu ni mvuvi wa ndakala hapa Baraka. Mwaka juzi alianza kukojoa damu. Figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe, na ya kuume, kumbe, nayo ilikuwa imechoka.

Mpasuaji hawezi kukata kabla ya kujua mishipa inayolisha uvimbe, nayo eksirei peke yake haionyeshi damu. Kwa hiyo hutiwa dawa. Reynaldo dos Santos wa Lisbon alitia iodini katika mshipa mkuu mwaka 1929, na iodini hutumika mpaka leo. Ndiyo ile itiwayo katika chumvi ya jikoni kuzuia rovu, ila hii ni nyingi mno, na njia yake ya kutoka mwilini ni figo. Basi dawa ya kuonyesha figo hupita katika figo zile zile!

Hospitali ya kwanza, ambayo siitaji, walimdunga pasipo kuuliza. Picha ikatoka mbaya, maana alikohoa. Siku ya tatu mkojo ukapungua, miguu ikavimba.

Tukauza nyavu mbili, tukapanda boti mpaka Uvira, tukasafiri hata Nairobi. Huko daktari kijana akapima damu kwanza, akasema, “Mzee, iodini hapana.” Akatueleza habari ya hewa ya kaboni, hii tuitoayo puani: huingizwa mshipani, ikasukuma damu kando kitambo kidogo, picha ikapigwa, kisha ikayeyuka damuni na kutoka kwa mapafu. Lakini haifai kwa mishipa iendayo kichwani, kwani yaweza kudhuru ubongo.

Yeye alichagua mapovu ya hewa, madogo kama chembe nyekundu za damu. Hayatoki nje ya mishipa, na mashine ya mawimbi ya sauti huyaona. Niliona mwenyewe kiooni: uvimbe uling'aa, na mshipa wake ukaonekana kama kijito kiingiacho ziwani. Mapovu hayaonyeshi tumbo zima kwa mara moja, kwa hiyo akapigwa pia picha ya sumaku, bila dawa.

Mjomba akauliza, “Na mapovu yenu, baba, yatatokea wapi?”

“Kwa pumzi, mzee.”

Akapuliza kwa nguvu, kama mtu azimaye taa. Wauguzi wakacheka.

Walikata uvimbe tu, sehemu ya figo ikabaki. Mjomba yupo nyumbani, anashona nyavu za wengine. Ziwani usiku haendi tena, na jambo hilo linamuuma kuliko kovu.